Sekunde Nne za Mauwa

Mheshimiwa Waziri wa Jimbo mwenye mambo ya utamaduni, uliyefika saa ile ile uliyoandika kwenye barua, ukatukuta bado tunapanga viti, Shefu wetu wa kimila, nakusalimu kwa heshima, Eyo Vidye, Baba Mchungaji, wakubwa wa jeshi mliotoka Base, pamoja na mabibi zenu ambao leo wamewashinda kwa mavazi, walimu wenzangu, watu wa reli, mlio kazini na mlio kwenye pansheni, mama zangu wa Kinkondja, mliopanda mtumbwi, kisha gari, kisha treni, ili mje kujitazama ukutani, na nyinyi vijana wa Kamina, mliokuja kwa sababu mlisikia kuna sinema ya bure: jambo yenu wote.

Mimi ni Sephora Ngoie. Nimefundisha darasa la tano hapa Kamina miaka thelathini na moja, kwa hiyo nusu ya wakubwa waliokaa mbele nimewahi kuwapigisha magoti, na nusu nyingine walistahili ila waliniponyoka. Siku hizi mimi ni mkubwa wa chama cha wamama walioitengeneza salle hii, ukumbi wa zamani, wakapaka rangi, wakaziba madirisha kwa mablanketi ili filme ionekane mchana huu. Watu wa protokole wameniomba mambo matatu: niseme Kiswahili cha kitabu, nisipite dakika kumi, na nimsifu binti yetu Shekina Kapenda, mwenye picha hizi na mwenye filme mtakayoiona sasa hivi. La kwanza nitajaribu. Kiswahili cha kitabu kikinikimbia, msikifukuze. La pili, tusidanganyane. La tatu nitalifanya kwa moyo wote, lakini mjue kwamba mtoto huyu amenifanyia ubaya, na nimeamua kuutoa mimi mwenyewe kwa kinywa changu kabla yeye hajautoa kwa mashini yake.

Shekina mnamjua. Baba yake, marehemu Kapenda, aliendesha treni, na mtoto alikulia pale karibu na gare ya treni, akasoma kwangu. Alikuwa mtoto wa maswali. Nilimkataza kuuliza zaidi ya matatu kwa siku, naye akatii. La nne akawa analiuliza kwa macho, na hilo ndilo lilinichosha kuliko mengine. Alienda Lubumbashi kujifunza kazi ya sinema, na sisi tukasema, haya, huyu amepotea. Akarudi na kamera mbili, suruali moja na kinga, ile baiskeli ya baba yake, akaanza kuzunguka jimbo lote akiwapiga picha mama zetu.

Mtauliza, kwani kupiga mama picha ni ajabu gani? Nami nawauliza: kwetu foto ilikuwa ni nini? Ilikuwa ndoa, matanga na karta ya uchaguzi. Bwana anakaa kwenye kiti, bibi anasimama nyuma, mkono juu ya bega la bwana, anangojea aambiwe apumue. Na wageni walipokuja na makamera yao marefu, waliwapiga mama zetu picha wakiwa na mizigo kichwani, na chini ya picha wakaandika, mwanamke anateka maji kwenye mto fulani. Jina la mto waliliuliza. La mwanamke hawakuuliza, wala sisi hatukuwaambia.

Zungukeni ukutani, mtaona jinsi Shekina alivyofanya. Chini ya kila picha kuna jina la mama, jina la baba yake na mama yake, kazi yake, na neno moja alilolichagua mwenyewe. Kuna mmoja wa Kinkondja ameandika: Mimi sitabasamu kwa bure. Nilimwuliza maana yake, hakunijibu, na hakutabasamu.

Zaidi ya hayo Shekina ana sheria yake ya kazi, na sheria hiyo ndiyo imenileta hapa mbele nikiwa na jasho. Hakuna picha inayopanda ukutani, hakuna kipande kinachoingia kwenye filme, kabla mwenye sura hajakiona. Anafunga komputa kwenye kinga, anaenda kijiji kwa kijiji, anaifungua juu ya kiti au juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na mama anajitazama. Mama akisema weka, anaweka. Akisema toa, anatoa, hata kama ni kipande kizuri kuliko vyote. Na kama kwenye picha kuna watu wengi, neno ni la mama, si la mabwana, na sheria ni hii: mwenye sura njo mwenye picha, yaani ndiye mwenye picha. Wewe uliyeingia kwa mgongo, au kwa kivuli, au kwa kelele, huna neno.

Mama Tshala, nyanyuka kidogo wakuone. Asante, kaa. Huyu anakausha samaki Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, tangu alipokuwa msichana. Shekina alipofika kwake, bwana yake, Baba Mathieu, alivuta kiti karibu na kamera akaeleza kazi ya kukausha samaki kwa muda wa nusu saa: kuni za namna gani, moshi wa namna gani, samaki anageuzwa mara ngapi. Nyuma yake Tshala alikuwa anageuza samaki. Siku ya kuangalia, Tshala akatazama mpaka mwisho, akauliza, "Huyu mwanaume njo nani?"

Shekina akasema, "Mama, si bwana yako?"

"Bwana yangu namujua," akasema Tshala. "Huyu mwenye anajua kukausha samaki, sijakutana naye bado."

Basi maelezo yote yakatolewa, na leo mtamwona Baba Mathieu kwenye filme akiwa goti. Goti la kushoto, upande wa chini. Amekuja, amekaa pale kwenye safu ya tano, na ameniomba niwaambie kwamba ni goti lake.

Nawe, Mheshimiwa Waziri, usicheke sana. Ulizungumza mbele ya kamera dakika arobaini juu ya mchango wa mwanamke, na mimi niliyasikia, yalikuwa maneno mazito. Lakini wale mama waliopewa filme waitazame walilala usingizi, na mmoja alikoroma. Umebaki sekunde sita, unashuka kwenye gari. Lakini nakuambia kweli, umeshuka vizuri.

Goti la Baba Mathieu nililicheka mpaka nikashika ukuta. Nilimwambia Shekina: sheria yako ni nzuri sana, mwanangu, usiiache. Sasa nisikilizeni yaliyonipata.

Mwaka jana, mwezi wa nane, Shekina alikuja kwangu kupiga filme ya munkoyo. Munkoyo yangu wengi wenu mmeinywa. Hakuna ndoa wala ubatizo wa mtaa wetu uliopita bila pipa langu. Uji wa mahindi unaujua kila mtu kuupika. Kinachoufanya uwe munkoyo ni mizizi, na mizizi hiyo inachimbwa mbali, msituni, na mtu anayeijua. Anayenichimbia mimi ni mwanamke mmoja Mutwa, wa wale Batwa wa msituni, jina lake Mauwa. Anakaa na ndugu zake kwenye barabara ya Kabongo, kilometa arobaini kutoka hapa. Miaka kumi na tisa ananiletea mizizi, anaiponda yeye mwenyewe uani kwangu, kwa mikono yake, na anaitia kwenye vyungu alivyovifinyanga yeye mwenyewe.

Mauwa ndiye yule aliyekaa safu ya kwanza, mwenye kitambala cha manjano, kando ya Mama Mchungaji. Wengine mmekwisha kuona kwamba kwenye salamu zangu sikumtaja. Sikusahau. Nilikuwa naogopa.

Siku ile jua lilikuwa kali. Tulikuwa uani watu sita: mimi, Shekina, bwana yangu Lazare, shemeji zangu wawili, na Mauwa aliyekuwa anaponda. Tukaomba maji. Watu wote walikunywa kwenye gilasi. Mauwa nilimpa kwenye kikopo cha bati, kile kinachoning'inia peke yake kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Akanywa, akakirudisha, nikakipeleka kwenye msumari wake, nikaendelea na kazi. Sikuwaza kitu. Mama yangu alifanya hivyo, nyanya yangu alifanya hivyo. Tulikuta kwamba mtu hanywi kwenye kikopo kimoja na Mutwa, na hakuna siku mtu alinieleza kwa nini. Mimi niliyempigisha magoti kila mtoto asiyejua kueleza jibu lake! Na ile munkoyo iliyopita kwenye vidole vyake mpaka kwenye kiwiko, siku ya Mungu tuliinywa wote, na Baba Mchungaji aliongeza mara mbili.

Nawasikia mama wa kwaya mnaguna, mnasema, alaa, kumbe Mwalimu Sephora ni mtu wa namna hiyo. Dada zangu, mimi nimeingia kwenye jikoni zenu. Nikianza kusema hapa kikopo cha nani kiko nyuma ya mlango, cha nani kiko chini ya meza na cha nani kiko juu ya kichanja pamoja na sahani ya mbwa, hatutaiona filme leo.

Miezi ikapita. Siku moja Shekina anakuja na komputa, anasema, Mama Mwalimu, njoo ujiangalie. Nikavaa vizuri, hata sijui kwa nini. Lazare akavuta kiti. Nikajiona ninapika, ninakoroga, ninaeleza, nilipendeza. Kisha akatokea Mauwa. Alikuwa amesimama, anacheka, maana mbuzi wangu alikuwa amekamata manyoya ya ile mikro ya Shekina ya kunasa sauti na anayatafuna. Na kutoka kando ukaingia mkono, wenye bangili ya shaba, ukampa kikopo. Nyuma ya mkono, wazi kabisa, gilasi tano zimepangwa kwenye sinia.

Lazare akasema, "Huu mukono naujua." Akasogeza kiti karibu. "Na kikopo nayo naijua."

Sekunde nne. Nimezihesabu kwa saa. Ndugu zangu, nilisikia haya ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, na kwa sababu ya haya nikakasirika, na kwa sababu ya hasira nikasema, "Shekina, utoe kile kipande."

Akaniambia kwa heshima yote, "Mama, mule weye uko mukono tu. Mwenye sura njo mwenye picha."

Nikamkumbusha kwamba salle ni ya chama changu. Ndiyo, nilimtisha. Nilimwambia, filme yenye kipande kile haitaonekana Kamina mimi nikiwa hai. Hakupandisha sauti. Akafunga komputa akasema, "Basi uende umuulize Mauwa. Yeye akisema nitoe, nitatoa leo leo." Kile kipande akakitia kwenye telefone yangu, ili nisikose la kumwonyesha.

Miaka kumi na tisa Mauwa ametembea mpaka kwangu, na mimi sikuijua hata njia ya kwake. Nilipanda motari, pikipiki ya kukodi. Nilibeba chumvi, sabuni na kikwembe kipya cha kujifunga, na njiani nilikuwa natayarisha hotuba, maana mnanijua. Kilometa arobaini za vumbi. Nilipofika koo lilikuwa limekauka kabisa, hata salamu haikutoka. Watu walikuwa wamekaa, wanapokezana kibuyu cha maji. Akanywa mtoto, akanywa mtoto wa pili aliyekuwa na makamasi, akanywa baba mmoja mzee wa meno mawili, kibuyu kikafika kwangu. Wote walikuwa wanaangalia koo langu.

Nilikunywa. Msinipigie makofi, sikunywa kwa upendo, nilikunywa kwa kiu. Lakini nilikunywa mpaka mwisho, na kama mnavyoona sijafa.

Kisha nikatoa hotuba. Nilisema kipande kile si kizuri kwa umoja, si kizuri kwa jina la Kamina, si kizuri kwa wanawake wa jimbo letu ambao filme hii inataka kuwaheshimu. Nilisema vizuri sana. Mauwa akaomba kukiona. Akakitazama mara moja. Akakitazama tena. Mara ya sita akaita watoto, wakakitazama wote, wakamcheka mbuzi.

"Sitaki atoe," akasema.

Nikasema, "Mauwa, najua, ni juu ya kikopo."

"Kikopo gani? Weye unaangalia kikopo. Minyi naangalia minyi." Akaleta telefone karibu na pua yangu. "Angalia kitambala namna inakaa. Angalia meno. Bantu banakuja kupiga siye foto kila mwaka, ba serikali, ba misaada. Kila siku niko nainama, niko na muzigo, niko nalia, ao banasema nilie. Hapa niko nasimama, niko nacheka. Siku nitakufa, hii njo batoto bangu bataonesha bantu. Sasa weye unataka banitoe mu dunia juu ya kikopo yako?"

Mimi, mwalimu, nikamwuliza tu kwa sauti ndogo kama alikuwa anajua, miaka yote ile, kwamba kikopo kile kilikuwa chake peke yake.

"Mama Sephora," akasema, "ile kikopo iko na tundu chini. Miaka kumi na tisa nakunywa mbio mbio maji isiishie kwa kikwembe yangu. Nani atakosa kuijua?"

Sikilizeni vizuri hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipovunjika. Sikujua kwamba kina tundu. Sikuwahi kukinywea. Na miaka hiyo yote, nyumbani kwangu, mezani kwangu, nilikuwa nawaambia watu kwamba Batwa wanakunywa kwa pupa, waangalieni, hawana adabu ya maji. Niliwaambia hata wanafunzi wangu. Wengine mko hapa, mna kazi kubwa, mna watoto, na pengine mmewaambia watoto wenu vile vile kwa sababu Mwalimu alisema. Niliwafundisha uongo uliotoka kwenye tundu la bati langu mwenyewe. Naomba mkafute.

Pale pale nilimwomba Mauwa msamaha. Nililia, sitaficha, na mwenye motari ni shahidi, maana aliuliza kama anipeleke hospitali. Mauwa aliningojea nimalize. Kisha akachukua chumvi, akachukua sabuni, kikwembe akakiangalia kwenye jua akakirudisha kwangu, akasema rangi hii haipendi.

"Kwa musamaha," akasema, "nitakujibu nikiisha kuona filme yote. Nijue kwanza nini ingine ulifanya."

Ndiyo maana salle iko wazi leo, ndiyo maana kipande kiko ndani, na ndiyo maana mimi nimeshindwa kula tangu jana. Mheshimiwa, wewe una sekunde zako sita, Baba Mathieu ana goti lake. Mimi nina mkono. Lakini kamera ilikaa uani kwangu siku nzima, na sijui iliona nini kingine, kwa sababu Shekina amekataa kuniambia. Ameniambia mwenye picha ni Mauwa.

Shekina, mwanangu, nakusifu mbele ya watu hawa. Wengi wamekuja kwetu na makamera wakatuchukua, wakaenda. Wewe ulirudi kutuuliza. Uliwauliza mama wa ziwa, ukamwuliza Mauwa porini, na ulinikatalia mimi niliyekufundisha kuandika jina lako. Wafwako, asante, mtoto wa Kapenda. Baba yako angezuia treni kituoni ili akuone leo.

Nanyi wageni wetu, nawaomba jambo moja. Kipande kile kikifika, msikitafute kikopo. Kikopo ni changu, nimekwisha kukisema, nitakibeba mwenyewe. Mtazameni Mauwa, kwa sababu sekunde hizo ni zake na amezipenda.

Mauwa, nimeona kiti kilicho kando yako kina mfuko wako juu. Sijui kama uliuweka ili unishikie nafasi, au uliuweka ili nisikae. Sitakuuliza mbele ya watu. Nitakuja nisimame karibu nacho mpaka utakaposema.

Ndugu zangu, mmenipa masikio yenu kupita dakika nilizopewa, na mimi nawashukuru. Shekina, anza.